Madirisha ya Upande wa Mto

Mwaka niliostaafu ualimu tulihamia kijijini kwao mume wangu, mwendo wa saa moja kwa bajaji kutoka Ifakara mjini kama barabara imekauka. Nilikuwa sijamaliza hata kupanga vyombo jikoni wakati mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya parokia alipopiga hodi. Alikuja na daftari jipya, bado limo kwenye mfuko wake wa nailoni, akaliweka mezani mbele yangu kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Mwalimu," akasema, "parokia inaelekea kwenye jubilei. Askofu atakuja. Tunataka historia ya kanisa letu, kurasa tatu au nne, isomwe siku ile. Na wewe umefundisha Kiswahili maisha yako yote."

Nikamwambia kwamba mimi ni mgeni. Nimezaliwa Tabora, nimefundisha Ifakara mjini, na kijiji chenyewe nilikuwa nakijua kwa Krismasi na misiba tu.

"Ndiyo maana tumekuchagua," akanijibu. "Mwenyeji akiandika, ataandika ukoo wake."

Mwenyekiti huyu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari kabla ya kustaafu, na kazi ile ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Akija kwako lazima aweke sawa picha ya ukutani. Kanisa la kijiji lilikuwa linamtesa kila Jumapili, na sababu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye macho.

Kanisa lenyewe ni jengo refu, jembamba, la matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu na kupakwa chokaa, limekaa juu ya mwinuko pekee tulio nao kwenye mbuga hii. Mlango wake mkubwa una tao lenye ncha. Ukuta wa upande wa barabara una madirisha sita marefu, nayo yana matao yenye ncha, yamepangwa kama wanafunzi mstarini, yakianzia usawa wa kifua. Ukigeukia upande wa mto, utadhani umeingia nyumba nyingine. Huko pia kuna madirisha sita, lakini ni mafupi na mapana, vichwa vyake ni bapa, na yanaanzia usawa wa goti. Hakuna mawili yanayolingana. Watu wakisimama wakati wa Injili, kupitia upande ule wanaona miguu ya kuku na magurudumu ya baiskeli, basi. Anayetaka kuona zaidi sharti ainame, na kuinama wakati wa Injili hakupendezi.

Kamati ilikuwa imeshaamua. Kabla ya jubilei, kenchi za paa zilizoliwa na mchwa zingebadilishwa kwa mbao kutoka Uchindile, na madirisha ya upande wa mto yangezibwa, yatobolewe mapya yanayolingana na wenzake, yenye fremu za alumini. Mwenyekiti alinichorea kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kwa rula.

Nikaanza kazi kama nilivyowafundisha watoto kuandika insha: kwanza tazama, kisha uliza, mwisho andika. Kutazama nilitazama pamoja na fundi mwashi wa kijiji, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuyaziba madirisha yale. Ni mtu mnene, mpole, anayezungumza na kuta. Tulipima urefu, tukapima upana, mimi nimeshika mwisho wa tepu na yeye anataja namba. Nilijifunza kwamba mstari mmoja wa matofali unaitwa kozi, na kwamba kozi zikipanda viungo vyake vikipishana, ukuta utasimama hadi wajukuu.

Upande wa mto, karibu na ardhi, lipu ilikuwa imebanduka kwa unyevu, matofali yako wazi. Fundi alichuchumaa pale muda mrefu.

"Mwalimu, hebu njoo uone. Haya yamevunjika pembe kabla ya kujengwa. Hili nusu, hili robo. Hakuna fundi anayeanza ukuta wa kanisa na matofali mabovu."

"Labda mazuri yaliisha."

"Labda." Akatoa timazi yake, ile risasi iliyofungwa kwenye uzi, akaiachia ining'inie kando ya ukuta. Risasi ikatulia. Fundi akatikisa kichwa. "Lakini umenyooka. Mpaka juu ya madirisha, umenyooka kabisa. Aliyejenga hapa alikuwa na matofali mabaya na mkono mzuri. Halafu kuanzia hapa kwenda juu," akapiga ukuta kwa kiganja juu kidogo ya dirisha, "ni mtu mwingine. Unasikia mlio unavyobadilika?"

Mimi sikusikia chochote, lakini niliandika.

Kuuliza kulinichukua wiki tatu. Nilikwenda kwa wazee wote niliotajiwa, na wote waliotajwa walikuwa wanaume. Walikubaliana kwamba kanisa lilijengwa miaka ya mwisho kabla ya uhuru, na kwamba aliyesimamia alikuwa bruda mmoja mzungu, mrefu, mwenye ndevu, aliyejua useremala na uashi. Kuhusu madirisha hawakukubaliana hata kidogo. Katekista mstaafu aliniambia kuwa ni fundisho la unyenyekevu, yaani anayetaka kuona ulimwengu lazima kwanza ainamishe kichwa. Jirani yake akasema ardhi ya upande ule imezama. Fundi alipoyasikia hayo alicheka, kwa sababu ardhi ikizama ukuta nao hupasuka, na ukuta wetu hauna ufa. Mwenyekiti alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza: bruda alipima vibaya.

Nikaandika hivyo. "Kwa sababu ya makosa ya vipimo, madirisha ya upande wa mto yalijengwa chini kuliko ilivyokusudiwa." Niliiona ni sentensi nzuri, safi, isiyomuumiza mtu aliye hai.

Kuna mtu mmoja ambaye sikumuuliza, na huyo nilikuwa naishi naye nyumba moja.

Mama mkwe wangu amepita miaka themanini. Tangu niolewe, kati yangu na yeye kulikuwa na adabu nyingi na maneno machache. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza kama nimelala salama, nikasema nimelala. Baada ya hapo alirudi kwenye Kipogoro chake, anachozungumza na wajukuu, na kuku, na sufuria. Kiswahili anakijua vizuri tu ila hukitumia kama chumvi. Mimi aliniita Mwalimu, hata ndani ya nyumba, hata mbele ya mwanawe. Nilidhani ananiona mtu wa mjini asiyejua kutwanga mpunga bila kumwaga nusu yake, na kwa hilo hakuwa amekosea.

Jumapili moja baada ya misa, kamati ilikuja kusikiliza rasimu yangu. Ukumbi wa parokia ulikuwa umeshikwa na kwaya, kwa hiyo tulikaa kwenye baraza ya nyumba yetu. Walikuja mwenyekiti, fundi na Baba Paroko, kijana mchangamfu aliyeletwa kwetu mwaka uliotangulia. Mume wangu alikuwa anaweka viti. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka wake pembeni, ungo mapajani, anachambua mchele.

Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani. Nilisoma kuhusu mwinuko, kuhusu tanuru la matofali, kuhusu bruda na ndevu zake. Baba Paroko alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipofika kwenye makosa ya vipimo, mama mkwe akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kama cha mtu aliyekanyagwa ghafla na kuku. Nikanyamaza.

"Mama, kuna nini?" mume wangu akauliza.

"Hakuna kitu. Endelea, Mwalimu, unasoma vizuri."

"Lakini umecheka, mama," nikasema.

"Nimecheka hayo makosa." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Yale madirisha hakukosea mtu. Tuliyajenga sisi."

"Sisi akina nani?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi, na mama yangu, na wanawake wa kitongoji chetu. Mimi nilikuwa nimevunja ungo mwaka ule ule."

Mwenyekiti alitabasamu kwa heshima, kama tunavyowatabasamia wazee wanapochanganya mambo. "Mama, yale ni madirisha ya kanisa. Alijenga bruda."

"Bruda alikuwa Ifakara hospitali, anatetemeka kwa homa. Unataka kunisikiliza au unataka kunifundisha?"

Mwenyekiti akasema anataka kusikiliza. Fundi tayari alikuwa ameshavuta kiti chake hadi ukingoni mwa mkeka.

Basi akasimulia, kwa Kiswahili, akiendelea kuchambua mchele wake, na mimi nikageuza daftari ukurasa mpya.

Masika ya mwaka ule yalikuja mapema, jengo likiwa halijaezekwa. Ukuta wa barabara ulikuwa umekamilika, wa upande wa mto ulikuwa umefika usawa wa kiuno. Wanaume wengi wa kitongoji chao walikuwa ng'ambo kwenye kambi za uvuvi. Mto ulitapika usiku mmoja na siku mbili, mbuga yote ikawa maji, na wanaume wakakatiwa njia ya kurudi. Wanawake waliwabeba watoto, sufuria na mbegu, wakapanda pale penye mwinuko, pale kwenye kanisa lisilo na paa. Walipofika wakakuta ukuta wa upande wa mto umelala chini, umeloa, umeanguka.

"Tukaegemeza miti kwenye ule ukuta mzima wa barabara," akasema, "tukatupia majani juu, tukakaa chini yake. Lakini mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mto. Inaingia moja kwa moja, inawapiga watoto. Siku ya kwanza tukavumilia. Siku ya pili mama yangu akasema, matofali si yale pale? Yamechomwa, hayajayeyuka. Tukaanza kuyaokota."

"Udongo wa kushikizia mlitoa wapi?" fundi akauliza.

"Wewe unaulizaje udongo wakati wa mafuriko? Tulikuwa na udongo kuliko wali."

Fundi akacheka mpaka kiti kikalia. "Na timazi? Maana ule ukuta umenyooka, mama. Nimeupima."

"Tulikuwa na nyavu. Nyavu zina vijiwe vya kuzamisha. Tukafungua kimoja na uzi wake, mama akawa anakishika hapa juu, anafumba jicho moja. Tulikuwa tumemwona bruda akifanya hivyo kila siku. Nani alikuwa haoni? Sisi ndio tulikuwa tunamletea maji."

Baba Paroko akauliza kile nilichotaka kuuliza mimi. Kwa nini walijenga madirisha, kama shida ilikuwa mvua? Na kwa nini yako chini?

Mama mkwe akaweka ungo pembeni. "Baba, wanaume wetu walikuwa ng'ambo. Sisi tumekaa chini, kwenye mikeka, tunanyonyesha, tunapika, tunamenya. Utasimama siku nzima uangalie mto? Tuliacha nafasi pale macho yanapofika ukiwa umekaa. Kila mwanamke aliacha yake mbele ya mkeka wake. Ndiyo maana hayalingani. Mwenye watoto wengi aliacha pana."

Nilimwona mume wangu amesimama na kiti mkononi, hajakiweka chini tangu mama yake alipoanza kuzungumza.

"Mama," akasema, "mimi nimebatizwa kwenye kanisa lile. Nimeoa kwenye kanisa lile. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unauliza chakula."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hakubali maneno matupu. Akakohoa, akasema kwamba ni simulizi nzuri sana, ila historia inayosomwa mbele ya askofu inahitaji uthibitisho. Mama mkwe hakukasirika. Alisema tu, "Juu ya dirisha la tatu kutoka mlangoni kuna mtumbwi wa baba yangu. Tulikosa ubao wa kubeba matofali ya juu, tukaupasua. Hata kiraka chake cha bati kipo, pale kiboko alipoutoboa."

Fundi alikuwa ameshasimama. "Baba Paroko, unaruhusu nikwangue kidogo? Nikikosa kitu nitapiga lipu upya leo leo."

"Kwangua," akasema Paroko. "Na mimi nakuja."

Tukaenda wote, jua la saa nane, mama mkwe mbele na fimbo yake, kwaya ikatuona kupitia dirisha la ukumbi ikaacha mazoezi ikatufuata. Fundi alipita kwake kuchukua nyundo na tindo. Alihesabu madirisha mara mbili, akaweka tindo juu ya lile la tatu, akagonga taratibu kama daktari anayegonga kifua. Lipu ikadondoka vipande vipande. Chini yake kulikuwa na ubao mweusi.

Ubao ule haukuwa bapa. Ulikuwa umejikunja kidogo, kama ubavu, na uso wake umejaa alama fupifupi za tezo, mamia, moja kando ya nyingine. Fundi akapitisha kiganja. Akaendelea kugonga kuelekea kushoto, na kabla hajafika mwisho tindo ikalia tofauti, mlio wa chuma. Kikatokea kipande cha bati kilichoshika kutu, ukubwa wa sahani, na misumari imekizunguka.

Kwaya ilipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga, mwalimu mzima, nikiwa na daftari kwapani.

Mwenyekiti alisogea. Akakigusa kile kiraka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kiboko," akasema polepole.

"Kaeni chini," mama mkwe akasema.

"Wapi, mama?"

"Chini. Sakafuni. Mtajuaje dirisha bila kukaa?"

Tukasogeza mabenchi. Akakaa yeye kwanza, amenyoosha miguu kama alivyozoea kwenye mkeka wake. Baba Paroko akakaa na kanzu yake nyeupe. Fundi akakaa kwa kishindo. Mwenyekiti alikuwa amevaa suruali yake ya Jumapili, ile iliyopigwa pasi ikasimama mstari, naye alisita, akaitazama sakafu ya saruji, akaitazama suruali, akakaa. Mimi nikakaa nyuma ya mama mkwe.

Nimekwenda kwenye kanisa lile tangu siku ya harusi yangu na sikuwahi kuona kilichokuwa nje ya ukuta ule. Ukikaa chini, kuku wanatoweka. Mbuga yote inaingia ndani. Tuliona mashamba ya mpunga yameshuka kwa ngazi ndogondogo, yakapita kwenye mnara wa simu, yakaenda hadi kwenye matete, na nyuma ya matete mstari mwembamba wa maji unaong'aa. Mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli kwenye tuta, mbali sana, na bado tulimwona vizuri kiasi cha kujua kwamba amechoka.

"Kumbe," akasema mwenyekiti. Alisema hivyo mara tatu.

"Walirudi?" Baba Paroko akauliza. "Wale wanaume?"

"Walirudi wote. Wamekonda, wananuka samaki. Tuliwaona wakiwa bado wadogo kama nzi. Mama yangu ndiye aliyemwona wa kwanza, kwa dirisha hili." Akacheka tena kile kicheko chake. "Baba alipouona mtumbwi wake ukutani akauliza, sasa huu ndiyo nini? Mama akamwambia, ulikuwa umetobolewa, umekuwa banda la kuku, sasa umepata kazi."

Na bruda? Bruda alirudi kutoka hospitali maji yalipopungua, suruali inamlegea. Akaukuta ukuta uliosimama ambao hakuujenga. Akatoa timazi yake mfukoni, akapima kila kona, akasukuma kwa bega, akauliza kwa nini madirisha yako chini vile. Mama yake mama mkwe akamwonyesha mkeka. Bruda akakaa, miguu yake mirefu imekunjwa kama panzi, akatazama nje. Alipoinuka akasema yabaki. Kisha akajaza chokaa kwenye viungo na kuendelea kujenga juu yake mpaka ukuta ukafikia mwenzake. Hapo ndipo mlio ulipobadilika, kama fundi alivyosikia.

Wiki ile kamati ilikutana, na mwenyekiti ndiye aliyetoa hoja kwamba madirisha yasiguswe. Alitoa hoja ile kwa sauti kali, kana kwamba kuna mtu alikuwa anampinga. Badala ya alumini alipendekeza vibao vya mbao vya kufunga na kufungua, na kazi ya kuvipima aliichukua mwenyewe. Ilimchukua siku nne. Kila dirisha lilikuwa na vipimo vyake, na hata ndani ya dirisha moja pembe nne hazikukubaliana. Nilipita pale nikamkuta amepiga magoti kwenye dirisha la tano, penseli sikioni, anajisemea namba. Nikamuuliza kama anapata shida.

"Shida gani, Mwalimu? Huyu alitumia mkono wa kushoto. Tazama anavyopandisha kozi zake." Alikuwa na furaha kama mtu aliyepewa mashine mpya.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilirudia historia yote tangu mwanzo, na safari hii nilianzia nyumbani. Kila jioni nilikaa karibu na mama mkwe jikoni na daftari langu, na yeye akanipa ungo. "Huwezi kuandika mikono mitupu," akasema, sentensi ambayo sikuielewa lakini niliitii. Akanikosoa ninavyochambua. Akanisimulia jinsi walivyochukua zamu ya kuchanganya udongo kwa miguu wakiimba, na nyimbo zilikuwa zipi, na ipi Baba Paroko hapaswi kuisikia. Niligundua kwamba yule mwanamke niliyemdhani mkimya alikuwa akingoja tu swali lenye maana. Nilimwambia hivyo siku moja. Nilimwomba msamaha pia, kwa kuzunguka kijiji kizima nikamwacha yeye.

"Mimi pia nilikuwa naogopa Kiswahili chako," akasema. "Kina pasi, kama suruali ya mwenyekiti."

Ndipo aliponiambia kwamba kati ya wale wajenzi amebaki mwenzake mmoja. Anaishi Ifakara, Viwanja Sitini, kwa mjukuu wake wa kike anayeuza mchele. Hawajaonana miaka kadhaa, kwa sababu mmoja magoti hayamruhusu na mwingine macho.

Tulikodi bajaji tukaenda. Mwenzake tulimkuta barazani, mwanamke mdogo, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Mama mkwe alimsalimu kutoka getini, na yule akainua kichwa kabla sijasema sisi ni nani. Walishikana mikono wakaiachia baada ya muda mrefu sana. Walizungumza Kipogoro kwa nusu saa na mimi na mjukuu tukanywa chai.

Mwishowe nikafungua daftari, nikamsomea sehemu ya mtumbwi. Alisikiliza ameinamisha sikio.

"Kiboko gani?" akasema.

Mama mkwe akajikaza kwenye kiti. "Kiboko aliyeupiga mtumbwi wa baba."

"Hakuna kiboko. Baba yako alisinzia akagonga kisiki. Kijiji kizima kilijua. Kiboko alikuja baadaye, kwenye maelezo."

"Ni kiboko!"

"Kisiki. Na dirisha la tatu lilikuwa langu. Lako ni la nne."

Nilisema taratibu kwamba labda niandike yote mawili. Wote wawili wakanigeukia, wakaniambia kwa pamoja kwamba historia haiwezi kuwa na yote mawili. Mjukuu alikuwa anacheka amejifunika kanga usoni. Tulipoondoka jioni walikuwa bado wanabishana, na walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba yule mwenzake atakuja kwenye jubilei na atalala kwetu siku tatu ili wamalize.

Alikaa wiki mbili. Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje, kenchi mpya zikinukia mbao, vibao vya mwenyekiti vimefunguliwa vyote sita. Wajenzi wetu wawili waliwekewa viti vya mbele, karibu na masista, na juu ya dirisha la tatu fundi alikuwa ameacha mahali wazi bila lipu, akapaka mafuta ule ubao hadi ukawaka. Nilisimama kwenye mimbari nikasoma kurasa zangu nne. Askofu alisikiliza kwa makini, na nilipoeleza kuhusu mikeka, niliona watu wa upande wa mto wakiinama mmoja mmoja kuchungulia nje.

Nilipofika kwenye mtumbwi nilisoma kwa uangalifu nilivyokuwa nimeandika: "mtumbwi uliokuwa umetoboka." Nilikuwa nimeitafuta sentensi ile siku mbili.

"Na kiboko!" ikasikika sauti ya mama mkwe kutoka mbele.

"Na kisiki!" ikamjibu ya mwenzake.

Askofu akauliza kwa upole kama kuna tatizo lolote na historia. Baba Paroko akainuka kujibu, kicheko kikamshinda, akakaa. Basi nikasubiri pale mimbarini, kanisa zima likicheka, mpaka wajenzi wetu wawili waliponipa ruhusa ya kuendelea.